Wifi Anabatizwa Tena

Nyumba za Wauguzi,
14 Januari

Wifi yangu,

Nakusalimu kwanza, maana nikianza na lililo moyoni nitasahau salamu kabisa. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, ambao umeamua kustaafu kabla yangu. Wodi ya wazazi imepakwa rangi ya kijani na harufu yake inawatapisha wajawazito kuliko mimba zenyewe. Juzi nimezalisha mapacha, wa pili akaja miguu mbele kama anayeshuka ngazi. Wote wazima. Kijana wenu amenikumbuka kwenye simu. Kaniletea vichwa vya manjano vinavyocheka, na chini yake neno moja, "shangazi." Hizo ndizo habari zake zote kutoka huko ughaibuni. Natumaini wewe amekuandikia hata maneno mawili.

Sasa nisikilize. Amekuja fundi wa friji kutengeneza friji yetu ya chanjo. Ni yule aliyekuja kwenye mazishi ya mdogo wangu na kubeba viti. Anasema alikuwa mjini kwenu, akakuona Jumapili asubuhi ukipanda ngazi za ukumbi ulio juu ya duka la matairi, Biblia kwapani. Nikamwambia umemfananisha. Akasema, "Mama Mkunga, mimi simfananishi aliyenipa chai siku ile."

Juu ya matairi, wifi! Kanisa lenye kengele lipo, lenye madhabahu, ulilofungia ndoa, lililomzika mume wako hata miaka miwili haijatimia, nawe unalipita mlangoni kwenda kupanda ngazi za watu walioanza jana na viti vya kukunja. Wale ndio wanaofundisha kwamba mtoto mchanga akibatizwa ni kama amenawishwa uso tu. Unalijua hilo? Au umekwenda kwa sababu wana magitaa?

Mdogo wangu angekuwa hai usingethubutu. Umepotea, na mimi siyo mtu wa kumwona mtu anapotea nikamwambia safari njema.

Nijibu. Na usinijibu kwa habari za mashuka.

Wifi yako,
Honi


Chumba cha mashuka, hotelini,
9 Februari

Wifi mkubwa, shikamoo.

Mashuka ni mengi.

Msimu huu hoteli imejaa watu wa mikutano, na watu wa mikutano sijui hulalaje, mashuka yanarudi yamepasuka katikati. Nashona kuanzia asubuhi. Huku chini hakuna dirisha, kuna taa ndefu tu na mabomba ya maji ya moto yanayopita darini, kwa hiyo baridi siijui. Vijana wa kufua huja na kapu, huweka, huondoka. Zamani waliniaga. Siku hizi wameshazoea kwamba sisikii, wanaondoka tu.

Masikio ni yaleyale. La kulia limekufa. La kushoto linapata mvumo, kama mitambo ya kufuma haijazimwa tangu nitoke kiwanda cha nguo. Ndiyo maana nashukuru unaniandikia. Endelea kutumia anwani ya hoteli, mapokezi hunishushia.

Kijana aliniandikia maneno manne. Nimekushinda.

Ni kweli fundi aliniona. Hakunifananisha. Magitaa hayapo, na yangekuwepo yangenisaidia nini mimi? Wanakaa kwa duara. Anayetaka kusema hunigeukia kwanza, akahakikisha namtazama, ndipo afungue mdomo. Hakuna anayenipigia kelele.

Wameniomba nibatizwe pamoja na wenzangu wachache katikati ya Mei, kwa kuzamishwa. Sijasema ndiyo. Nakwambia mimi mwenyewe ili fundi wa friji asipate shida ya safari nyingine.

Mgongo ukande kwa maji ya moto, usishindane nao.

Wifi yako wa mashuka


Nyumba za Wauguzi,
25 Februari

Wifi,

Marahaba. Mgongo haujapona na barua yako imeumalizia.

Kuzamishwa! Kwani ulikuwa nani miaka yote hii, mpagani? Nani alimwagiwa maji pale mbele ya wazazi wake? Nani alipokea meza ya Bwana na mdogo wangu siku ya ndoa, kila mtu akakuonea wivu gauni lile? Ukiingia kwenye maji yao unasema yale yote yalikuwa mchezo wa watoto. Unasema ndoa yako ilifungwa na watu wawili wasiobatizwa. Unasema aliyelala kule makaburini amelala hivihivi tu. Ndivyo unavyosema, hata kama midomo yako imefungwa na umekaa kwa duara.

Unaniambia wao hawakupigii kelele. Vizuri. Nikwambie jambo kuhusu kelele. Mwanamke akifika katikati ya uchungu akachoka, akaniambia, "Mama, siwezi tena, niache nilale," nikimjibu kwa sauti ya asali atalala, na mtoto atafia njiani. Namkemea. Namwita mvivu. Namwambia sukuma, mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wanasukuma na wao. Kesho yake ananiletea mtoto nimbariki. Hajapata kuja mtu kunishtaki kwa kelele akiwa na mtoto mzima mikononi. Ndiyo maana mdogo wangu, dereva yule, aliniita Honi. Alisema honi haipigwi kwa chuki, inapigwa ili mtu asigongwe.

Basi nakupigia. Toka barabarani.

Na kama utazama, usiniite wifi tena. Uwifi wangu ulitoka kwenye ndoa ile unayotaka kuiosha.

Honi


Nyumba za Wauguzi,
2 Aprili

Mpendwa dada katika Bwana,

Amani tele iwe juu yako na juu ya kazi ya mikono yako. Ni furaha yangu kubwa kukuandikia siku hii njema. Napenda uelewe kwamba wewe ni mtu wa thamani sana mbele yangu.

Nimetafakari kwa kina na kuona kwamba pengine hatukupata nafasi ya kusikilizana. Ningependa sana kuielewa safari yako ya kiroho. Je, ni jambo gani lililokugusa katika ushirika wako mpya? Je, kuna jeraha lolote ambalo kanisa lako la kwanza lilikuachia? Nakuomba unishirikishe bila woga wowote. Sikuhukumu. Ninakusikiliza.

Nakukumbuka katika maombi. Mlango uko wazi daima.

Wako katika upendo,
Dada yako


Chumba cha mashuka,
15 Aprili

Wifi mkubwa,

Shikamoo, kama ni wewe.

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikikutafuta humo ndani. Mwandiko ni wako, ile "k" yenye mguu mrefu ni yako. Lakini hakuna mgongo, hakuna wodi, hakuna kijana wetu. Nani kaiandika? Na "ninakusikiliza" kaambiwa mtu wa masikio haya?

Nakueleza bila kuzunguka. Ile kali ilinikasirisha, nikashona shuka zima upande usio wake, ikabidi nifumue. Hii tamu imeniogopesha. Ile kali ilikuwa imetoka kwa mtu anayenijua. Hii angeweza kupelekewa mtu yeyote, unabadilisha jina tu.

Tena sauti hii naijua sasa. Mwishoni mwa mwezi wa tatu mchungaji wa ukumbini alikuja kwangu. Mtu mpole, hana makuu, alivua viatu mlangoni. Alisifu kitambaa cha meza. Alikunywa chai na kuomba kikombe cha pili. Kila alilosema alilisema polepole, midomo imefunguka vizuri, nikapata kila neno. Nikamwuliza jambo moja. Nikamwambia, "Mume wangu alibatizwa akiwa mchanga, akaishi na kufa hivyo. Yuko wapi?" Akanishika mkono. Akatabasamu, wifi. Akasema, "Mama, huyo tumwachie Mungu." Kisha akaendelea kuninong'onezea kwamba mimi bado nina nafasi.

Alipoondoka niliosha kile kikombe, nikaona hakijatakata, nikakiosha tena. Tumwachie Mungu! Ndivyo wanavyosema madaktari pia, wewe unajua wanamaanisha nini. Wewe umenitukana mimi toka Januari, umeniita mpotevu na mpagani, lakini mume wangu hujamtoa mbinguni hata siku moja. Mwenye upole ndiye aliyemtoa.

Utaniuliza kwa nini basi siondoki kwa watu hao. Nitakwambia, maana hukuniuliza, uliniuliza kuhusu magitaa. Kule kwenye kengele mchungaji anahubiri ameficha mdomo nyuma ya kipaza sauti. Nilikuwa naona mkono unapanda na kushuka. Watu wakisimama nasimama, wakikaa nakaa, wakicheka natabasamu nimechelewa. Alipokuwepo mume wangu alikuwa akinieleza yote njiani tukirudi, na nusu yake alikuwa anaongeza ya kwake. Baada ya mazishi niliendelea kwenda. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenigeukia pia. Jumapili moja ibada iliisha mimi sijui, nimeinamisha kichwa nadhani tunaomba, nilipoinua macho wanafagia.

Kwa hiyo hapo ndipo nilipo. Ubatizo ni Jumapili ya katikati ya mwezi ujao. Moyo hautaki tangu ile chai. Lakini nikikataa sitaweza kukaa kwenye lile duara, na nikitoka kwenye duara narudi wapi?

Niandikie. Wewe, siyo huyo dada katika Bwana.

Wifi yako


Nyumba za Wauguzi,
29 Aprili

Mke wa mdogo wangu,

Umenishika. Barua ile niliinakili karibu yote. Kanisani kwetu tulileta mwalimu wa semina, mtu wa suti ya samawati, kutufundisha namna ya kuwarudisha waliotoka. Alitugawia karatasi. Kwanza usilaumu, halafu sifu, halafu uliza maswali ambayo hayajibiwi kwa ndiyo au hapana. Nikasema hebu nimjaribie wifi yangu. Wakati naiandika nilihisi kama nimevaa viatu vya mtu mwingine, lakini mwalimu alisema mwanzo huwa hivyo.

Semina yenyewe, nikwambie ukweli, iliitishwa kwa ajili yangu. Hakuna aliyesema, ila wote walikuwa wananitazama. Unajua mimi ndiye niliyekuwa naongoza kuwatembelea waliolegea. Mwaka huu kila nyumba ninayopiga hodi redio inazimwa. Nasikia nyayo zinatembea kwa vidole. Siku moja nimesimama mlangoni kwa mwanamke niliyemzalishia watoto wake wote, mtoto mdogo akasema ndani kwa sauti, "Mama, yule Honi bado yupo," akazibwa mdomo. Nilizunguka nyumba ile nikarudi zangu. Baada ya semina mchungaji aliniita ofisini akaniambia, "Mama, pumzika kidogo, umetumika sana." Kwa hiyo Jumamosi sitembei tena. Nakaa humu chumbani nasikiliza watoto wa wauguzi wanavyocheza mpira ukutani kwangu. Desemba nitapumzishwa na hospitali pia, halafu nitakuwa nimepumzika kabisa.

Hayo nimekwambia tu, yapite. Sasa kuhusu mdogo wangu.

Mimi nilikuwepo. Mchungaji wako wa matairi hakuwepo siku anabatizwa. Mama alikuwa bado ana homa ya uzazi, baba alikuwa hajui kushika mtoto, wakanipa mimi, msichana wa shule ya msingi, nimevaa gauni jipya. Alilia! Alilia mpaka mchungaji akawa anasoma kwa kupayuka. Maji yalipomgusa kichwani akanyamaza ghafla, akanitazama, na papo hapo akanikojolea gauni lote. Nikasimama hivyohivyo nimelowa mpaka wimbo wa mwisho, sikuthubutu kusogea, nilidhani nikisogea ubatizo utaharibika. Atakayesema maji yale hayakumfikia aje aniulize mimi, maana yalinifikia mpaka mimi.

Amefika salama. Usimruhusu mtu akufanye umtilie shaka, hata akikusemesha kwa sauti ya njiwa.

Na wewe usiingie majini kwa sababu ya viti. Mtu asibatizwe kwa kuogopa kukaa peke yake. Ningekuwa na maneno ya kukuvuta ningekuvuta, lakini nimeona maneno yangu yanavyofanya kazi. Kwa hiyo sikuvuti. Nakuomba tu ungoje. Nitaomba likizo, nitakuja nikae kwako mwezi mzima, tutapika, tutakwenda kaburini kung'oa majani. Kuhusu makanisa hutanisikia hata neno moja. Najua hunisikii kwa vyovyote, lakini na midomo yangu nitaifunga.

Ningoje, wifi.

Honi


Chumba cha mashuka,
22 Mei

Wifi mkubwa, shikamoo.

Barua yako ya mwezi uliopita nimeipata Jumanne. Mapokezi kuna binti mpya, aliiweka kwenye rafu ya barua za wageni akidhani kuna mgeni wa chumba aitwaye hivyo. Aliyekuja kuniletea ni mlinzi. Niliifungua hapahapa kwenye mashuka.

Nilibatizwa Jumapili, siku mbili kabla.

Nilikungoja. Nataka ulijue hilo, wala sisemi kukulaumu. Kila mchana nilikuwa napanda mapokezi nauliza, na yule binti anatikisa kichwa. Nikajua nimekuuliza nirudi wapi na hukuwa na jibu. Nikajua ile "usiniite wifi tena" ndiyo ilikuwa barua yako ya mwisho, na ile tamu ilikuwa adabu tu. Nikasema, basi, waliobaki ni hawa.

Ilikuwa kwenye bwawa la kuogelea la shule moja, lina vigae vya buluu na mistari myeusi chini. Tulivaa kanzu nyeupe, mimi ndiye niliyezishona zote, na yangu ilikuwa na pindo lililopinda maana nilishona ya kwangu mwisho. Maji yalikuwa ya baridi sana. Mchungaji alisimama nyuma yangu, mkono mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Wifi, nilikuwa simwoni mdomo. Wote wakati wote hunigeukia, na siku ile, kwa neno lile, yuko nyuma yangu. Sikujua ameanza kusema, sikujua amemaliza. Nilikuwa bado nangoja nikajikuta niko chini. Nilimeza maji. Niliona ile mistari myeusi inacheza. Nikainuliwa, na watu ukingoni walikuwa wanapiga makofi, nikaona mikono tu.

Wenzangu walipotoka kila mmoja alikuwa na mtu wa kumfunika taulo. Binti mmoja alifunikwa na mama yake na shangazi yake, wakagombania kumkausha nywele. Taulo langu lilikuwa kwenye begi langu, begi liko mbali kwenye benchi. Nilitembea nikalichukua, nikajifunika mwenyewe.

Hawakufanya kwa ubaya. Kila mtu alidhani nina mtu.

Ile ya gauni kulowa hakuwahi kunisimulia. Pengine hakujua. Nimecheka mpaka kijana wa kapu akaogopa.

Sijui kama bado ni wifi yako. Nimeandika hivyo juu kwa mazoea.

Mke wa mdogo wako


Nyumba za Wauguzi,
3 Juni

Wifi,

Acha ujinga, wewe ni wifi yangu. Yale niliyaandika kwa mgongo.

Barua yako nimeisomea wodini, nimekaa kwenye kitanda kisicho na mtu. Muuguzi kijana akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, wifi yangu amejifunika taulo mwenyewe. Hakuelewa, akaniletea maji.

Ubatizo wako bado naupinga. Nitaupinga mpaka niingie kaburini na nikifika huko nitauliza. Lakini siyo ubatizo ulioniliza.

Likizo nimepewa. Ninakuja Ijumaa na basi la asubuhi. Usije kunipokea, stendi kuna msukumano na wewe husikii honi za magari. Jumapili nitakusindikiza ukumbini kwako. Ndani siingii, nisikudanganye. Nitakaa chini kwenye duka la matairi mpaka mtoke. Ili ukishuka kuwe na mtu.

Honi


Nyumbani,
7 Julai

Wifi mkubwa, shikamoo.

Natumaini ulifika salama na wodi umeikuta haijapakwa rangi nyingine. Kijana amepiga picha akiwa na kofia ya chuma kichwani, nimekuwekea moja humu ndani. Amekonda, au ni kofia kubwa.

Leo ni Jumamosi, naandikia mezani. Taulo lako limekauka, nimelikunja. Bado nacheka nikikukumbuka ulivyolitoa kwenye begi kabla hata hujakaa, kubwa kama shuka, ukaniambia kwa midomo, "La kupokelea mapacha."

Nataka nikueleze mambo ambayo wewe hukunieleza. Ile Jumapili ya kwanza nilishuka ngazi nikakuona umekalia tairi la lori, mkoba mapajani, umenyooka kama uko kwenye picha ya pasipoti. Mchungaji alikuwa ameshanitangulia kuja kukusalimu. Nilikuwa bado ngazini, sikuona mdomo wako, nimeona tu mafundi wote wa matairi wamegeuka kwa pamoja, na mmoja ameangusha spana. Nilipokuuliza ulisema, "Nilimsalimia tu." Salamu gani hiyo inayoangusha spana?

Nimemwuliza yule mpishi wa shule anayekaa pembeni yangu kwenye duara, aliyekuwa ameshashuka. Amenieleza kwa midomo mikubwa, na pale aliposhindwa aliandika. Anasema mchungaji alikukaribisha ndani kwa upole, nawe ukamjibu, "Mimi siingii. Nina swali moja. Siku mdogo wangu anabatizwa, wewe ulikuwepo?"

"Hapana, mama."

"Mimi nilikuwepo. Nilimshika kwa mikono hii. Sasa wewe unamwachiaje Mungu mtu ambaye hukuwa naye?"

Anasema hapo ndipo kila mtu aligeuka. Mchungaji hakutabasamu. Kisha akasema, "Mama, sikuwepo. Sijui." Akavuta tairi lingine akakaa karibu yako.

Wifi, hilo "sijui" ndilo neno lake la kwanza nililoliamini tangu siku ya chai.

Na ile Jumapili nyingine, uliponipeleka kwenye kengele. Hukuniambia utafanya nini. Ulikaa benchi la mbele yangu, halafu ukageuka, mgongo kwa madhabahu, uso kwangu, ukaanza kunirudishia mahubiri yote kwa midomo. Kanisa zima lilikuwa linatutazama. Mzee wa kanisa alikuja kukugusa bega, na nikakusoma ukimwambia, "Nitageuka yeye akisikia." Yalikuwa mahubiri mazuri. Sijui mangapi yalikuwa ya mhubiri na mangapi yako.

Nilidhani baada ya siku ile ningerudi kule. Najua na wewe ulidhani, ingawa ulijizuia kuuliza mpaka nikakuhurumia. Jumapili iliyofuata ulikuwa umeshaondoka. Nilikwenda kwenye kengele mwenyewe, nikakaa palepale. Benchi la mbele lilikuwa na mtu, na nilikuwa namwona kisogo. Nilitoka kabla ya wimbo wa pili nikapanda ngazi za matairi. Wamenipa kiti. Mchungaji akaanza upya alichokuwa anasema, uso kwangu. Nimebaki huko, wifi. Sikubaki kwa sababu wamenishinda kwa hoja, wala hujashindwa wewe. Sitaki ulisikie kutoka kwa fundi wa friji.

Juzi nilipika kama uko. Nikakaa natazama sahani mbili, nikala ya kwangu, ya kwako nikaifunika mpaka asubuhi.

Kwa hiyo nauliza. Desemba unastaafu na nyumba ya wauguzi utairudisha. Chumba cha kijana kipo, harudi leo wala kesho. Kina dirisha kubwa na ukuta wake haupigwi mpira. Hakuna wodi hapa, ila wanawake wanaozaa wapo kila mahali. Jumapili wewe utakwenda kwako, mimi kwangu, na mchana tutagombana mezani. Nakupa ruhusa ya kunipinga kila siku ukinitazama usoni.

Fikiria, usijibu haraka. Ila utakapojibu usinitafutie maneno mazuri. Kama ni hapana, wifi, niandikie hapana yako mwenyewe, kali, ile inayogeuza watu vichwa, nijue ni wewe uliyekataa.

Wifi yako